Ubao wa Kichwani

Mimi si mtu wa subira, na mbao mbichi hunipandisha hasira kuliko kitu chochote. Mwaka ule wa 1957 Mahajanga nzima haikuwa na mbao kavu. Makampuni ya Wafaransa yalikuwa yamenunua kila gogo lililokaa kivulini miaka mitatu na kulipeleka Marseille, na sisi mafundi wa mtaa wa Mangarivotra tukaachiwa mbao zinazotoa maji ukizipiga msumari. Ndipo Elamine alipoingia karakanani kwangu na shingo ya gitaa mkononi.

Shingo tu. Kiwiliwili kilikuwa kimepasuka vipande vipande sanduku lilipoangushwa bandarini. Kilichosalia ni hiyo shingo, nyuzi zake, na visumaku viwili vilivyozungushiwa waya mwembamba, amevifunga kwenye leso. Elamine alikuwa na bendi, na bendi ilitakiwa kupiga kwenye dansi ya tarehe kumi na nne Julai, sikukuu ya Wafaransa, katika ukumbi wenye umeme.

"Fundi Maoulida, nataka unitengenezee gitaa la umeme," aliniambia. "Halina tumbo kama gambusi. Ni ubao mmoja, mzima."

"Ubao mzima utatoa sauti wapi?"

Akanieleza kwamba sauti huchukuliwa na sumaku, lakini uzi ukifungwa juu ya ubao mbaya hufa upesi, na sumaku haina la kuchukua. Ubao uwe mkavu usije ukapinda, uwe mwepesi mpigaji asije akaumia bega, na uwe mgumu kiasi cha kuuacha uzi uimbe. Alikwisha kwenda kwa Youssoufa, fundi wa Ampisikina, naye akamcheka na kumwambia ajaribu kwa Maoulida, maana Maoulida ndiye anayependa upuuzi. Maneno hayo ya Youssoufa ndiyo yaliyoniponza. Nilimwambia Elamine gitaa lake atalipata.

Nikapiga misumari miwili kwenye kila ubao niliokuwa nao, nikakaza uzi katikati, nikaupiga kwa kidole huku nimeung'ata ubao pembeni kwa meno, nikahesabu hadi mtetemo ulipoisha kinywani. Mwembe ulifika nne. Mfenesi mbichi, tano. Palisanda ilifika kumi na mbili, nikafurahi, lakini ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Elamine aliiweka begani, akairudisha chini. Wiki mbili zikapita hivyo, na mimi nikawa sisemezeki.

Wakati huohuo mke wangu Zoubeida alikuwa na jambo lake. Mama yake, Bibi Koulsoum, alikuwa amefariki kisiwani Nosy Be. Arubaini ilikwisha kusomwa, na nyumba yake ya huko Ambanoro ilibaki na kufuli. Kwetu Wakomoro nyumba na kitanda ni mali ya mwanamke, mume huingia na nguo zake tu. Binti yetu Ramlati alikuwa anaolewa mwezi wa Agosti, na Zoubeida alitaka aolewe juu ya kitanda cha bibi yake, kama alivyoolewa yeye.

"Kilete kizima, Baba Ramlati," aliniambia. "Usiniachie huko hata kabari."

Nikamjibu kwamba mimi ni fundi, sifundishwi kufungua kitanda. Yeye akarudi jikoni, kama kawaida yake nikishapandisha sauti.

Nilipanda meli ya pwani hadi Nosy Be. Chumba cha Bibi Koulsoum kilinuka karafuu na vumbi. Zoubeida alijifungua mara mbili katika chumba kile, maana mwanamke wetu hurudi kwa mama yake kuzaa. Ramlati ni wa pili. Wa kwanza alikuwa wa kiume, akaishi siku tatu. Mimi nilikuwa Mahajanga nikifunga makabati ya duka la Mhindi, na habari zilinifikia mtoto keshazikwa. Zoubeida aliporudi nilimwambia tusimtaje. Miaka ishirini hatukumtaja, nami nikijisifu moyoni kwamba nimemwondolea mke wangu uchungu.

Nikang'oa mifumbati ya ubavuni, nikang'oa matendegu, nikabaki na ubao wa kichwani. Ulikuwa mfenesi mzee, kipande kimoja kipana, unene wa vidole vitatu, rangi yake imekolea kama asali ya zamani. Niliunyanyua nikashangaa wepesi wake. Nilikuwa na uzi wa Elamine mfukoni, na misumari fundi haikosi. Nikaukaza, nikaupiga kwa kidole, nikaung'ata ubao. Nilihesabu hadi kumi na tisa.

Nilikaa chini sakafuni. Nilijua palepale nitakachofanya, na nikaanza kutafuta sababu. Ubao wa kichwani haubebi mtu, nilijiambia, unazuia mto usianguke. Nitaweka mwingine, nao wa mfenesi, niusugue kwa kahawa nzito na mafuta ya nazi, na hakuna macho ya mwanamke yatakayoutambua. Kitanda kitakuwa kizima. Nikamkasirikia hata Zoubeida, kana kwamba ameshanikataza.

Kwa hiyo niliporudi Mahajanga kitanda kilipitia karakanani kwanza.

Sitasema sikuona. Upande wa nyuma, ule uliokuwa ukitazama ukuta, palikuwa na mistari ya wino, saba au minane, kwa herufi za Kiarabu, imefifia. Herufi hizo nazijua, nimesoma chuo cha Kurani kama wengine. Lakini Elamine alikuwa amenisimamia akihesabu siku zilizobaki, na mimi nilikuwa na randa mkononi. Nikadhani ni hesabu za aliyeuza mti, au dua ya kufukuza kunguni. Nikasema ngoja nisome, na mkono ukasukuma. Randa ilipita mara nne tu. Maranda yaliingia motoni chini ya sufuria ya gundi kabla ya adhuhuri.

Gitaa lilitoka zuri, siwezi kusema uongo juu ya hilo. Siku ya dansi nilisimama nje ya ukuta wa ukumbi pamoja na watu wa mtaani, kwa kuwa ndani kuliingiwa kwa kadi, na nilisikia uzi mmoja ukiimba na kuimba mpaka wacheza dansi wakapiga makofi. Mtu aliyekuwa kando yangu aliuliza nani kalitengeneza. Nikamwambia ni mimi. Ilikuwa siku yangu ya mwisho ya kulifurahia.

Wiki iliyofuata tulikitengeneza chumba cha Ramlati. Nilikuwa uani nikinywa chai. Nilimsikia Zoubeida akisogeza kitanda kutoka ukutani, kisha akimwita Ramlati aje asome. Nikasikia kiganja kikipapasa ubao. Akaniita.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kitanda, kiganja kimebaki juu ya ubao.

"Huu si ubao wa mama."

"Ule uliliwa na mchwa," nikasema kwa ukali.

"Mfenesi hauliwi na mchwa. Wewe ndiye uliyeniambia."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia kweli, kwamba ubao uko kwenye gitaa la Elamine. Nilingoja anitukane, ningeona nafuu. Akauliza tu maandishi yako wapi. Nikamwambia niliyapiga randa.

"Mama aliandika pale kila aliyezaliwa chumbani mle," alisema. "Na yule wetu pia. Alimpa jina sikioni kabla hajafa. Mimi nilikuwa na homa, sikusikia. Nilipomwuliza alikataa kunitajia, akasema ukilijua utamwita mchana na usiku na hutazaa tena. Akaniambia, siku utakayomwoza binti, geuza kitanda, mtu akusomee. Mimi sijui kusoma, Maoulida. Nilikuwa namngoja Ramlati."

Kabla ya siku ile hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikataza asitajwe."

Ramlati alikuwa mlangoni, amejishika mdomo. Waliomzika mtoto yule wote wamekwisha kufa. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza duniani.

Zoubeida alinitazama kwa namna iliyoniumiza kuliko matusi. Alikuwa bado ana matumaini nami.

"Lakini uliyasoma," alisema. "Huwezi kufuta maandishi bila kuyasoma kwanza. Niambie uliyasoma."

Ningeweza kusema hapana. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

"Niliyasoma," nikasema.

"Anaitwa nani?"

"Bourhane."

Ni jina la mpiga ngoma wa Elamine. Alikuwa amepita karakanani asubuhi ile kuomba misumari, na ndilo lililokuwa karibu na ulimi.

"Bourhane," akasema Zoubeida. Akalisema tena, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akalia, na katikati ya kilio alinishika mkono na kunishukuru. Mwenyezi Mungu ndiye shahidi, alinishukuru.

Alimwambia Ramlati aliandike mahali pale pale, nyuma ya ubao mpya. Nikampa kalamu yangu ya risasi ya kupimia. Ramlati aliandika kwa herufi za Kiarabu, akageuka kuniuliza kama bibi yake alivuta alifu baada ya he au hakuvuta. Nikamwambia alivuta.

Sasa kila Ijumaa baada ya alasiri Zoubeida huketi pembeni mwa kitanda kile na kumsomea Bourhane fatiha. Hunitaka nikae naye, maana ni mtoto wetu sote. Nami hukaa. Akimaliza, mimi huitikia amina.