Neno la Siri la Papa Mapendo

Hakuna mtu aliyependa kukemea watu juu ya usalama wa kompyuta kumshinda Libérat. Kule Nyamianda, katika kituo kinachotunza mafaili ya wagonjwa wa hospitali za kando ya ziwa na bonde la Ruzizi, sheria zote alitunga yeye. Kubwa yao ni hii: ukimpa mtu neno lako la siri, kazi huna.

Dorine alimpa mtu. Muuguzi wa Sange alipiga simu, mama mjamzito anatokwa damu na faili lake halifunguki. Dorine akamtajia neno lake la siri, mama akapona. Libérat hakutaka kusikia habari za mama. Alitaka Dorine afukuzwe, na mkurugenzi, Madame Agathe, akasema wamngoje kwanza mkaguzi.

Mkaguzi, Toussaint, alifika asubuhi kutoka Lubumbashi, mtu mpole wa kuulizia habari za nyumbani kabla ya kazi. Alimsikia mlinzi akimsalimu Libérat, "Jambo, Papa Mapendo." Mhasibu naye hivyo hivyo. Huku kwetu ukishazaa, jina lako linawekwa kando, unaitwa kwa mtoto wako wa kwanza.

"Mapendo alizaliwa mwaka gani?" Toussaint akauliza.

"Elfu mbili na tisa! Na iko wa kwanza mu darasa," Libérat akajibu, kichwa kimemvimba.

Toussaint akaomba kukaa kwenye kompyuta ya Libérat, katika chumba cha mashine. Mahali pa neno la siri akaandika jina la mtoto, akaandika mwaka. Mafaili ya wagonjwa wote yakafunguka, hadi ya watu wa Bijombo kule juu milimani, na ofisi nzima inatazama.

Libérat alitamani ardhi immeze. Jasho lilimtoka, wakati chumba kile cha mashine kina baridi ya kuvalia koti.

"Nani mwingine aliijua?" Agathe akauliza.

"Hakuna. Minye peke yangu."

Watu wakakwepa macho yake. Mwishowe Dorine akasema, "Papa, sisi bote tunaijua. Kazi ikikwama na weye hauko, tunaingia na yako. Tuliona haya kukuambia. Muntu mukubwa, utamuambia namna gani?"

"Hata ile siku ya muuguzi, weye ulikuwa unaijua?" Libérat akauliza.

"Nilikuwa naijua."

"Sasa juu ya nini haukumupatia yangu? Hakuna muntu angekushika."

"Wangekushika weye, papa. Njo maana nikatoa yangu."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Libérat kuliko yote. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Basi, Papa Mapendo," Agathe akasema, "sheria ni ya kwako, na neno yako ofisi nzima inaijua. Dorine aende ao abaki?"

"Abaki," Libérat akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, Agathe hakusikia. Ikabidi aseme tena, kwa nguvu, mbele ya wote, na akajua kwamba hakuna aliyemsikia akimtetea Dorine. Wote walisikia mtu anayejiombea mwenyewe.