Kikohozi cha Ndeshi Chahamia Pearland

Flaviana alikuwa akikunja nguo zake za kazi nyumbani kwake Alief, mtaa wa viwanda, binti yake Ndeshi akikohoa kando, mara sauti ikakatika. Mtoto aliendelea kukohoa, kifua kikipanda na kushuka, ila kimya. Papo hapo wifi yake, Bertila, akapiga simu kutoka kwake Pearland, kitongoji cha wenye nafasi nje ya jiji.

"Wifi, kikohozi cha mwanao kiko huku kwangu. Chumba cha wageni."

Wala si ajabu. Ndeshi aliandikishwa kwa anwani ya Bertila ili apate shule nzuri, kama wafanyavyo ndugu wengi, na hospitali ilikuwa na anwani hiyohiyo. Asubuhi ile Elibariki, mtafiti wa afya wanayesali naye, alikuwa ameoanisha anwani za wagonjwa wa pumu, Ndeshi akiwemo, na vipimo vya hewa, mtaa kwa mtaa. Kikohozi kikafuata anwani.

Wivu ukamkaba Flaviana. Jumba la Bertila, bustani, mume asiye na zamu za usiku, hayo alishayameza. Lakini kikohozi, jamani! Yeye ndiye aliyepakana na kiwanda cha zege, vumbi mpaka kwenye sufuria.

Jumapili alikwenda kwa Bertila, akakikuta kitandani, kikikohoa juu ya mashuka meupe. Watu wa utafiti walikuwa wameshakiletea mashine ya kusafisha hewa.

"Usijali, nakilea kama changu," Bertila alisema.

"Hivi huna vya kwako vya kutosha?"

Bertila akaenda kuandaa chai.

Flaviana akamfuata Elibariki kanisani. "Kaka, mtoto anaishi kwangu. Shule ya Pearland nimeiacha, nirudishie kikohozi chake."

"Dada, data tumeshafunga. Labda utafiti ujao."

Kwenye ramani yake, mtaa wa Flaviana ulikuwa safi kabisa, hauna hata mtoto mmoja anayekohoa. Kiwanda cha zege kikaipeleka ramani hiyo kwa wakuu wa jiji, kikaruhusiwa kuongeza mtambo wa pili.

Ndeshi akahamia shule ya Alief, akawa anakohoa darasani bila kumsumbua mtu. Mwalimu alimsifu kwa utulivu. Nyumbani Flaviana alipika huku akimtazama kifua, na bado mara nyingi alichelewa kuona.

Bertila, aliyekuwa akikisikia, hakuchelewa kupiga simu. "Wifi, kimebana, mpe dawa sasa hivi."

Flaviana alimpa mtoto dawa, akasema asante, akamchukia.