Joto la Naigaga

Tulikuwa tumeshaipita Bugembe, gari linaelekea Mbale, ndipo shemeji yangu Mafabi aliponiambia anakwenda kukatwa.

"Kukatwa nini?"

"Kirunda, usijifanye mtoto."

Nimezunguka nchi hii mpaka viatu vimenikataa, lakini askari magereza mwenye mvi kama yeye kusimama mbele ya kisu cha imbalu, tohara ya Wamasaaba, pamoja na vijana? Ujanani alikikimbia, akajificha kazini Jinja.

Sababu ilikuwa dada yangu Naigaga, mkewe, aliyekaa nyuma akijipepea kwa leso. Mwaka mzima alikuwa anawaka. Pale kwao Walukuba shuka zinalowa jasho, usingizi hakuna, anagombana hata na kuku. Ndugu za Mafabi wakasema mizimu ya ukoo inamdai Mafabi tohara, na kwa kuwa anakwepa, inamchoma mkewe.

"Mimi Msoga," Naigaga akasema. "Mizimu yenu inanijulia wapi?"

"Nyamaza, mama. Nataka upone."

Mbale tulipokewa na ngoma. Ndugu wakamchukua Mafabi, wakampaka chachu ya ulezi mwilini kumwandaa kwa kisu. Hapo hapo Naigaga akalowa uso, moyo ukamwenda mbio, akakaa chini. Nikamkimbiza kwa boda mpaka kwa daktari mmoja, Hajarah.

Daktari alimpima mimba, presha, sukari na damu. Akamwuliza umri.

"Arobaini na tisa."

"Hedhi ya mwisho?"

"Daktari, kaka yangu yuko hapa!"

"Kaka hana masikio. Lini?"

"Kabla ya Krismasi ya mwaka juzi. Nilidhani nimepumzishwa tu."

"Umekoma hedhi, mama. Hakuna kipimo kimoja cha kusema hivyo. Ni umri wako, mwaka bila damu, na dalili hizi: joto, jasho, usingizi kukatika, hasira. Vipimo nimefanya nisije nikaacha ugonjwa mwingine. Dawa ya kupunguza joto ipo. Lakini damu ikirudi hata tone, uje mbio."

"Sijarogwa?"

"Mama yako pia alipita hapo. Hakukwambia?"

Hakumwambia. Ndipo nikakumbuka kisu.

Nilimwacha hapo, nikarudi mbio, nikakuta uwanja umejaa. Mafabi amesimama, fimbo mabegani, macho hayapepesi.

"Afande, toka! Si mizimu! Ni umri tu!"

"Mtoeni huyo Msoga!" watu wakapiga kelele.

Alinisikia. Aligeuza macho, akaniuliza polepole, "Naigaga yuko hai?"

"Yuko hai, mzima!"

Akarudisha macho mbele. Hakutoka. Kisu kikapita, mimi nikaangalia miguu yangu.

Mafabi alipona, akarudi kazini, anatembea kama bwana harusi. Naigaga anameza dawa, anawaka kidogo, analala kando ya dirisha. Shangazi za Mafabi wanasema ni kisu kilichomponya, na hakuna anayewabishia. Daktari Hajarah alihamishwa. Mimi niko mbali, huku Soroti.