Wawindaji wa Shangazi

Mimi sikuzaliwa kuogopa mdudu. Niliyasema hayo kwa sauti, maana shangazi alikuwa anatafuta wa kumbebea boksi na binamu zangu wote ghafla walikuwa na kazi za shule.

Shangazi ni mtaalamu wa wadudu wa misitu. Chumba chake cha uani, ambacho wengine wangefugia kuku, kimejaa magogo yaliyofunikwa vyandarua. Humo anafuga mbawakawa wawindaji, wekundu kwa weusi, wenye mbio kama wamechelewa mahali. Chakula chao ni mbawakawa wengine, watobozi wadogo kama punje ya mchele, wanaoingia chini ya gome la msonobari na kuula mti hadi unakauka umesimama.

Watobozi hao walikuwa wameivamia misonobari aliyopanda marehemu babu. Msimamizi wa msitu alimpa shangazi nafasi moja tu: wawindaji wakishindwa, miti yote inakatwa.

Tulipofika msituni tulimkuta fundi msumeno amekaa kwenye kisiki, mashine magotini kama mjukuu.

“Dada, hivi vidudu ndivyo vinaninyang'anya kazi?”

“Wewe unabomoa nyumba, kaka. Hawa wanamfuata mwizi chumbani.”

Nikafungua boksi. Mmoja akapanda kidoleni akaning'ata. Hapo kuna mambo madogo madogo nayaruka. Kiatu changu kimoja kilipotea siku hiyo; mama nilimwambia kimebebwa na mbwa.

Niliporudi karibu, wawindaji walikuwa kazini. Hawakuuliza njia. Walipanda shina wakinusa, wakawadaka watobozi kwenye vishimo vyao na kuwabandua mbawa kama mtu anayemenya karanga. Kisha majike wakataga mayai kwenye nyufa za gome. Nimetazama mechi nyingi, lakini washambuliaji wa namna ile sijawaona.

Wiki zikapita. Shangazi akawa anakula nusu sahani, masikio yote msituni, akisubiri mlio wa msumeno.

Jioni moja nilikuwa nawasimulia binamu, mama na shangazi wakisikia: “Kaning'ata, nami nimetulia tuli, mkono hautikisiki...”

Fundi msumeno akabisha hodi. Hakuja na mashine, alishika kipande cha gome. Akakigeuza. Ndani ya njia za watobozi walijaa funza wa rangi ya waridi, watoto wa wawindaji, wamenona. Mtobozi hata mmoja hakuonekana.

“Msimamizi kasema miti ibaki,” alisema.

Shangazi alilipokea gome kwa mikono miwili, akakaa palepale kizingitini.

“Halafu kuna hiki.” Fundi akatoa kiatu mfukoni mwa koti. “Nimekiokota mtaroni, ng'ambo ya barabara. Kijana huyu alimrushia shangazi yake boksi, akaondoka. Mkono sikuuona, niliona visigino tu.”

Mama akakipokea, akakigeuza huku na huku, akaniangalia.

“Mbwa huyo,” alisema, “hana hata jino moja.”