Roshani Tupu za Saint-Louis

Nilipanga kwenda Saint-Louis kupiga picha roshani za nyumba za kale, kwa maonyesho yangu ya kwanza hapa Dakar. Nilitaka roshani tupu, zisizo na mtu hata mmoja. Hayo ni maneno yangu mimi, msanii mkubwa ambaye hata kamera yenyewe ameazima.

Nikampigia shangazi Coumba kuomba pa kulala.

"Karibu, mwanangu! Mama yako keshaniambia unakuja na kamera. Mtaa mzima umepeleka vitambaa kwa fundi, washonewe nguo za kupigwa picha."

"Shangazi, nakuja kupiga picha nyumba."

"Nyumba ina shingo ya kuvalia dhahabu? Wacha wee! Tutapanda kwenye hizo roshani zako, wote."

Nikavuta pumzi ya msanii asiyeyumbishwa, nikajibu kwa sauti nzito:

"Sawa, shangazi. Nani anaanza?"