Gari la Bluu la Kailash

Mwaka 2001 Angélique alinunua gari la bluu kwa Kailash, nyuma ya duka lake la Rayners Lane. Walielewana haraka kwa sababu ya Kiswahili huko ughaibuni, Angélique akiwa wa Bukavu na Kailash mzaliwa wa Kisumu. Kailash alimwita dada, akamhakikishia kwamba gari halina tatizo, mkewe huliendesha kila siku.

Haukupita muda boneti ikafunguka yenyewe kwenye barabara kuu, ikapiga kioo cha mbele na kumziba dereva asione. Dereva alikuwa Gervais, mume wa Angélique. Aliligonga lori. Tangu hapo mkono wake wa kulia ulikufa ganzi, na Angélique, akitoka kuwaogesha wazee wa watu, alirudi nyumbani kumfunga mumewe vifungo vya shati.

Walioumizwa na komeo bovu la boneti za magari yale walikuwa wengi, wakaungana kuishtaki kampuni iliyoyaunda kwa kesi moja. Angélique alipofika ofisini kwa wakili, Croydon, alimkuta Kailash amekaa na wadai wenzake. Kumbe naye alikuwa amevunjika mbavu boneti ya gari jingine la aina hiyohiyo ilipofunguka. Akamsalimu. Angélique hakuitikia, akahamia kiti cha mwisho.

Siku moja wakili wao, Bi Surinder, aliwaletea habari mbaya. Kampuni ilidai madereva hawakufunga boneti vizuri, tena kabla ya ajali hizo hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulalamika. Akauliza kama yupo aliyelalamika mapema. Kailash akainamia viatu vyake.

Aliyejibu ni mkewe, Nishma. Alisema wao walipiga simu. Boneti iliwafunukia Neasden wakitoka hekaluni, wakaponea chupuchupu, na kampuni ikawaambia wajifunze kufunga. Bi Surinder akataka kujua ni gari lipi.

Nishma akasema ni lile la bluu, ambalo baadaye mumewe aliliuza.

Angélique alisimama, akamwendea Kailash mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Ulikuwa unajua," alimwambia kwa Kiswahili. "Ulijua, na ukaniacha nimpandishe bwana yangu."

"Dada, fundi aliikaza. Nilidhani imetengenezeka."

"Usiniite dada."

Bi Surinder aliwaomba wakae. Alieleza kwamba simu ile ndiyo itakayoiangusha kampuni, na wakigawanyika watapoteza wote. Angélique akakaa. Kilichomchoma zaidi ni kwamba sasa alimhitaji mtu yule. Kila kikao alimsikiliza akiisimulia ile simu kwa uchungu, kama mtu asiye na kosa, na yeye akameza hasira yake.

Kampuni haikusubiri kusimama mbele ya jaji. Ilikubali kulipa fidia. Siku ya kutia saini Kailash alimfuata Angélique hadi kituo cha tramu, akanyoosha mkono, akasema yamekwisha, Mungu amesaidia.

Angélique aliutazama ule mkono mzima, unaokunjuka vidole vyote.

"Ya kampuni yamekwisha," alisema. "Yangu na wewe bado."

Akapanda tramu. Mwezi uliofuata alimshtaki Kailash peke yake, kwa kumuuzia gari bovu huku akijua. Nishma alipoombwa kuwa shahidi wa Angélique, hakukataa.