Wastani wa Timu

Chuo chetu kina sherehe moja ninayoichukia kuliko mitihani. Kila mwaka wanamichezo huitwa ukumbini, na timu ambayo wachezaji wake wameongoza darasani hupewa tuzo. Haipewi mtu mmoja mmoja. Hupewa timu nzima, kwa wastani wa alama. Aliyebuni jambo hilo alikuwa na nia njema, sina shaka, ila hakuwahi kukutana na kocha wetu.

Kocha alipiga hesabu akaona timu yetu ya mpira wa pete imeukaribia ushindi, isipokuwa kuna mtu mmoja anayeivuta chini. Mtu huyo ni mdogo wangu wa kuzaliwa. Wenzetu walimbatiza Sindano, kwa vile mpira wake hupenya kwenye pete bila kugusa chuma. Karibu kila mchezo tulioshinda mwaka ule, yeye ndiye aliyetufungia. Kocha akalifuta jina lake. Badala yake akamsajili binti mmoja wa fizikia ambaye, siku ya kwanza ya mazoezi, aliuliza kama ile pete huwa inashushwa kidogo kwa ajili ya wafupi. Yaani ili apate tuzo ya wanamichezo wenye akili, mzee yule aliona heri amtoe mwanamichezo.

Ningecheka. Lakini mdogo wangu anasomeshwa na chuo kwa sababu anacheza, na analala bweni la wanamichezo kwa sababu anacheza. Jina likitoka kwenye timu, kitanda kinatoka na masomo yanatoka. Mama yetu hufua mashuka ya hospitali, mikono imembabuka kwa dawa, na ada ya chuo haiwezi hata akifua usiku na mchana. Kwa hiyo Kocha hakumtoa Sindano uwanjani tu. Alimrudisha nyumbani.

Na hizo alama mbaya zilitoka wapi? Ni sifuri moja, ya jaribio la takwimu, na jaribio lenyewe liliangukia siku ya nusu fainali. Kwetu mchezaji haendi mwenyewe kwa mwalimu kuomba udhuru. Kocha ndiye anayekwenda, ndio utaratibu, na walimu hawamsikilizi mwingine. Mdogo wangu alitaka kubaki afanye jaribio lake. Kocha akamwambia apande basi, ataongea na mwalimu. Akapanda, akafunga, tukashinda, akarudi kukuta sifuri. Kila alipouliza aliambiwa suala lake linashughulikiwa.

Nilimfuata Kocha stoo ya vifaa, nikamkuta akijaza mipira upepo. Hakuinua kichwa. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, tena kwa sauti ambayo mtoto aliyelelewa vizuri hamtolei mtu wa umri wa baba yake, na sijutii. Aliendelea kupiga pampu mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nahodha, funika kombe mwanaharamu apite," akasema. "Sherehe ikiisha namrudisha."

Nikamwambia ofisi ya ada inafunga usajili jioni ya siku hiyohiyo ya sherehe, na haina habari na kombe wala mwanaharamu. Akasema basi mdogo wangu atapumzika mwaka mmoja, bado binti mdogo, atarudi. Kisha akanikumbusha kwamba timu itakayoshinda itapelekwa kucheza nje ya nchi, na wenzangu wameshapiga picha za pasipoti.

"Na wewe pia una kitanda humu humu chuoni," akamalizia. "Usisahau hilo."

Siku ya sherehe mama alikuja na gauni lake la harusi za watu, amepaka mafuta mikono ili isionekane ilivyobabuka. Hakujua lolote. Mdogo wangu alikuwa ameshafungasha begi lake bwenini na ametandika kitanda vizuri kama mgeni anayeaga. Nje ya ukumbi alinishika mkono akanisihi nikapokee hiyo tuzo na nifunge mdomo, kwa kuwa bora abaki mmoja kuliko tufukuzwe wote wawili. Niliutoa mkono wake. Nilikuwa nimemkasirikia hata yeye, kwa upole wake.

Mkuu wa chuo alihutubia kwa kirefu juu ya akili timamu na mwili imara. Wenzangu walikaa mstari wa mbele wamevaa sare mpya, na binti wa fizikia katikati yao, amevaa viatu vya michezo ambavyo havijawahi kuona vumbi. Jina la timu likatajwa. Nikapanda jukwaani, Mkuu akaninyooshea tuzo ya kioo, na mtu akanisogezea kipaza sauti ili nishukuru.

"Mheshimiwa Mkuu, hii si timu yangu," nikasema. "Mfungaji wangu yuko kule nyuma karibu na mlango. Ametolewa kwa sababu ya sifuri ya takwimu, na siku ya jaribio alikuwa anakichezea chuo hiki. Kocha alisema ataongea na mwalimu. Mwalimu yupo humu ndani. Naomba aulizwe kama Kocha aliwahi kwenda kwake."

Mwalimu wa takwimu, mama mmoja mwembamba asiyependa wanamichezo wala kelele zao, alisimama kwa hasira ya kusumbuliwa. Alisema hakufuatwa na mtu. Alisema angefuatwa angetunga jaribio jingine, kama alivyowatungia vijana wa kandanda, maana utaratibu ni utaratibu. Akaketi.

Mkuu akamgeukia Kocha. Kocha alisimama, akanyoosha tai yake.

"Nilisahau," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa chuki, kwamba labda mdogo wangu alimkosea siku moja. Mtu huyu anakumbuka nani alidondosha mpira gani mwaka juzi na dakika ipi, halafu mtoto wa watu alimsahau kati ya basi na ofisi ya mwalimu. Nilitamani kumrushia ile tuzo. Niliiweka mezani kwa sababu mama alikuwa ananitazama, na macho yake hayakuwa ya fahari. Alikuwa amejua mbele ya ukumbi mzima kile ambacho mabinti zake walimficha.

Mkuu alitaka aibu ile iishe haraka mbele ya wageni. Aliamuru Sindano arudishwe kwenye timu papo hapo, apewe jaribio wiki inayofuata, na wastani upigwe upya kwa wachezaji halisi. Ofisi ya ada ilimpokea kabla haijafunga. Lakini wastani mpya ulikuwa na sifuri ndani yake, na tuzo ikaenda kwa timu ya tenisi ya meza, watu wanne waliokuwa wakisinzia. Safari nayo ikaenda nao.

Mchuma janga hula na wa kwao. Wa kwetu walikataa kula. Tukiingia bwenini mazungumzo yanakatika. Ndoo zetu tulizikuta zimetupwa nje ya bafu. Kocha alipewa onyo, akabaki na kazi yake, na kazi ya kwanza aliyoifanya ni kuninyang'anya unahodha akampa Twiga, mfungaji wetu wa pili. Twiga hakunisemesha. Alimwendea mdogo wangu.

"Dada yako kakurudishia kitanda," akamwambia. "Sisi katunyang'anya ndege."

Haukuwa uongo. Mdogo wangu alifanya jaribio lake akapata alama za juu, na hakuna aliyempongeza isipokuwa yule mwalimu, naye alimpongeza kwa kununa.

Kisha ukaja mchezo wa kwanza. Katika mpira wa pete wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, na kwetu ni Twiga na Sindano. Mdogo wangu alisimama chini ya pete, mikono juu, peke yake, na mpira haukufika. Walimpa Twiga hata akiwa amebanwa na mabeki wawili. Wapinzani hawakuchelewa kuelewa. Wakamwachia Sindano uwanja mzima. Tukaanza kufungwa. Kocha aliona, nasi tulimwona akiona, ila alibaki kwenye benchi anakunja na kukunjua karatasi.

Mimi nacheza senta, siruhusiwi kufunga. Mpira ulipofika mikononi mwangu, Twiga alikuwa amebanwa tena.

"Usimpe huyo," akasema, si kwa kelele, kama mtu anayetoa amri nyumbani kwake.

Nikampa mdogo wangu. Akatulia, akaupima, akafunga. Upande wetu hakuna aliyepiga makofi. Hakuwatazama. Alijifuta jasho, akarudi mahali pake chini ya pete, akanyoosha mikono.

"Dada," akasema, "nipe tena."